Maswali ya Wasomaji: Mtindi Unaokataa Kuganda, na Mengine Kuhusu Bakteria wa Asidi Laktiki

SWALI: Ndugu Mhariri, hutengeneza mtindi nyumbani kwa kutia vijiko viwili vya mtindi wa zamani katika maziwa yaliyochemshwa na kupoa kiasi. Mara nne au tano za mwanzo huganda vizuri, kisha unaanza kuwa mkali mno, na mwishowe maziwa hukataa kabisa kuganda. Viwanda hufanyaje hadi mtindi wao ukafanana kila siku?

JIBU: Tatizo lako, ndugu msomaji, ndilo lililowasumbua wagandishaji wa maziwa kwa karne nyingi, na sehemu kubwa ya bayoteknolojia ya vyakula vilivyochachushwa ilizaliwa katika kulitafutia dawa.

Katika vijiko vyako viwili mna bakteria wa aina mbili wanaosaidiana, nao ni Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Wa kwanza huanza kazi mapema na kumpatia mwenzake asidi fomiki na kaboni dayoksaidi anazozihitaji ili akue; wa pili huvunjavunja protini za maziwa na kumwachia wa kwanza vipande vidogo ambavyo yeye hawezi kujipatia kwa wingi. Wote wawili hula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi laktiki. Maziwa mabichi huwa na pH (kipimo cha ukali: kadiri kinavyoshuka, ndivyo ukali unavyozidi) ya karibu 6.7, na inaposhuka kuelekea 4.6, protini iitwayo kaseini hushikana na kufanya wavu unaonasa maji na mafuta. Huko ndiko kuganda kwenyewe, na katika joto la nyuzi 42 hadi 45 kazi yote huchukua saa chache tu.

Unapohamisha mtindi wa zamani kila mara, hubebi ladha peke yake, bali unabeba pia mizani ya bakteria hao wawili. Mtindi ukikaa muda mrefu, yule wa pili, ambaye huvumilia ukali zaidi, humzidi mwenzake, na mtindi ukawa mkali mno. Kisha kijiko kisichochemshwa huingiza wageni, yaani vijidudu vingine vinavyoharibu kazi. Kwa hiyo chota mbegu, yaani mtindi kidogo wa kuanzishia, kutoka chungu kipya kabla hujala, uifunike, uiweke kwenye baridi, uitumie ndani ya siku chache, na baada ya mizunguko michache uanze upya kwa mbegu mpya.

Viwanda vingi haviendelezi mtindi wa jana. Mwaka 1857 Louis Pasteur alionyesha kuwa uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai, na mwaka 1878 Joseph Lister, daktari wa upasuaji, akaeleza jinsi alivyotenga bakteria wa maziwa hata akabaki na aina moja safi. Tangu hapo iliwezekana kuchagua bakteria kama mkulima anavyochagua mbegu. Leo mbegu hizo hugandishwa na kukaushwa katika ombwe, zikawa unga au punje zinazomiminwa moja kwa moja ndani ya tangi, na kwa njia hiyo kila tangi huanza mwanzo, bila kurithi makosa ya lililotangulia.

Hata hivyo, usafi wa mbegu ulileta adui ambaye hakuonekana mapema. Mwaka 1935 watafiti wa New Zealand, Whitehead na Cox, walitambua kwamba mbegu za jibini zilizokuwa zikishindwa kazi ghafla zilikuwa zikishambuliwa na virusi vinavyokula bakteria, viitwavyo faji. Fikiria tangi lenye maelfu ya lita: saa za kuganda zimepita, fundi anazamisha upawa, na maziwa yanatiririka kama yalivyomiminwa asubuhi, huku kipimo cha pH kikiwa kimesimama pale pale. Mbegu ikiwa ni ya aina moja tu, faji mmoja anayeimudu anaweza kuiangamiza yote. Mafundi walijifunza kubadilisha mbegu kwa zamu, ili faji aliyezoea mbegu ya leo asiikute kesho.

Hapa ndipo panaponivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo hili. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Danisco, akiwamo Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, walieleza walichokikuta ndani ya Streptococcus thermophilus aliyenusurika baada ya kushambuliwa na faji. Bakteria huyo alikuwa amekata kipande kidogo cha DNA, yaani kemikali inayobeba maelezo ya urithi, ya adui na kukihifadhi katika sehemu ya jeni zake iitwayo CRISPR, mithili ya mtu anayetunza picha ya mwizi mlangoni. Adui yule yule aliporudi, alitambuliwa na kuzuiwa. Watafiti walipokiondoa kipande hicho, kinga ikapotea. Miaka mitano baadaye Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha jinsi mfumo wa namna hiyo unavyoweza kuelekezwa kukata DNA mahali panapotakiwa, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Chombo ambacho leo kinatumika katika tiba na kilimo kilieleweka kwa kiasi kikubwa kwa sababu kuna watu waliojali kwa nini maziwa hayagandi.

SWALI: Je, basi mtindi na jibini tunavyokula vimetengenezwa kwa bakteria waliobadilishwa jeni maabara?

JIBU: Kwa kawaida, hapana. Katika maabara bakteria hawa wamebadilishwa jeni kwa namna nyingi, lakini mbegu zinazouzwa kwa ajili ya vyakula hutokana zaidi na uteuzi. Bakteria sugu niliowataja, kwa mfano, hupatikana kwa kuwaweka pamoja na faji na kuwachukua wanaobaki hai.

Mfano mwingine ni wa vitamini B2. Kuna kemikali iitwayo roseoflavini, inayofanana sana na vitamini hiyo lakini ni sumu kwa bakteria. Ukiimwaga katika chombo chenye mamilioni ya bakteria, wengi hufa, na miongoni mwa wachache wanaobaki wamo waliopatwa na badiliko la asili linalowafanya watengeneze vitamini B2 bila kikomo cha kawaida. Hao ndio wanaoteuliwa ili unga au maziwa yanayochachushwa yapate vitamini zaidi. Kwa maoni yangu, uvumbuzi wa namna hii unastahili sifa kubwa, maana virutubishi huongezeka ndani ya chakula chenyewe wakati kinachacha.

Usichanganye jambo hili na kimozini, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) cha kugandishia jibini. Kimozini inayotengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni ya ndama iliidhinishwa Marekani mwaka 1990, nayo hutumika sana. Lakini vijidudu hivyo si bakteria wa asidi laktiki, na havibaki katika jibini.

SWALI: Kwenye pakiti ya jibini nimeona "E234, nisini". Mtu mmoja aliniambia ni antibiotiki. Niiogope?

JIBU: Nisini ni protini ndogo yenye asidi amino 34, inayotengenezwa na bakteria wa maziwa Lactococcus lactis ili kuwazuia washindani wake. Hujishikiza kwenye kiungo ambacho bakteria adui hukihitaji kujengea ukuta wake, kisha hutoboa utando wake, na vilivyomo ndani vikavuja. Spora (chembe zilizolala) za bakteria aina ya Clostridium, zinazostahimili joto na kujaza gesi katika jibini lililosindikwa huzuiwa kwa njia hiyo. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliikubali mwaka 1969.

Inaua bakteria, ni kweli, ila haitumiki hospitalini kama dawa ya kutibu watu, na ukiila, vimeng'enya vya utumbo huivunja kama protini nyingine. Kasoro yake ni kwamba haiwezi ukungu wala hamira, na bakteria wenye utando wa nje, kama Salmonella, kwa kawaida huikwepa. Kwa hiyo chakula chenye nisini bado kinahitaji usafi na baridi.

SWALI: Maziwa hunijaza gesi tumboni, lakini mtindi haunisumbui. Kwa nini?

JIBU: Yaelekea utumbo wako hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja laktosi. Bakteria wa mtindi wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na wakifika tumboni wakiwa hai, kimeng'enya chao huendelea kukusaidia. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali faida hiyo mwaka 2010 kwa mtindi wenye angalau bakteria hai milioni 100 kwa gramu, kwa hiyo mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda hautakufaa vivyo hivyo. Lakini kama maziwa hukuletea vipele, uvimbe au kukosa pumzi, huo huenda ni mzio wa protini, ambao mtindi hauuondoi. Acha vyote viwili na umwone daktari.