Maswali ya Wasomaji: Mont Ventoux Ilinishinda, Nifanyeje?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Lyon, Ufaransa, kwa mwaka wa sita sasa. Nina umri wa miaka 43, na kila Jumamosi huendesha baiskeli kilomita 80 kwenye njia zisizo na milima mirefu. Juni mwaka jana nilijaribu kupanda Mont Ventoux, mlima maarufu wa kusini mwa Ufaransa, kutokea kijiji cha Bédoin, nikaishiwa nguvu katikati ya msitu, nikashuka na kusukuma baiskeli mpaka aibu ikanishika nikageuza. Sproketi (duara lenye meno linaloshika mnyororo) yangu ndogo ya mbele ina meno 39, na kubwa kuliko zote nyuma ina 25. Tatizo ni mapafu, umri au baiskeli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na aibu hiyo uiweke kando. Mapafu ya mtu anayemaliza kilomita 80 kila wiki si ya kulaumiwa. Kilichokuangusha ni gia, na pengine mwendo ulioanza nao. Tufanye hesabu kidogo. Kwa meno 39 mbele na 25 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza baiskeli takriban mita 3.3. Wengi wetu katika msitu ule huenda kilomita 8 kwa saa, na kwa kasi hiyo miguu yako inazunguka mara 40 tu kwa dakika, yaani kila mkanyago unakuwa kama kupanda ngazi ukiwa na gunia la mahindi mgongoni. Ukimwomba fundi akufungie sproketi ya meno 34 mbele na nyingine ya 34 nyuma, mzunguko mmoja utakusogeza mita 2.1, na kwa kasi ile ile miguu itazunguka zaidi ya mara 60. Kazi ya kuupanda mlima haijapungua, ila imegawanywa vipande vidogo ambavyo magoti na mapaja yanavimudu. Fundi ahakikishe pia kwamba mkono wa kibadilisha gia cha nyuma unaweza kuhimili sproketi kubwa hivyo, na kwamba mnyororo una urefu wa kutosha.

Wapo wanaoamini kuwa gia nyepesi ni za wanyonge, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza mashindano akiiwakilisha Kenya, alishinda hatua ya mbio za Tour de France juu ya Ventoux tarehe 14 Julai 2013, na alipowaacha wenzake alikuwa bado ameketi kwenye kiti, miguu ikizunguka kwa kasi ya kushangaza. Ikiwa yeye aliutegemea mzunguko wa haraka, sisi wa Jumamosi hatuna sababu ya kuuonea haya.

Sasa tuje kwenye mwendo. Njia ya Bédoin ina urefu wa takriban kilomita 21.5, na inakupandisha karibu mita 1,600 hadi kwenye kilele chenye mita 1,909. Wastani wa mwinuko wake ni asilimia 7.5, lakini wastani huo unadanganya, kwa sababu kilomita tano za mwanzo zina mwinuko mdogo tu katikati ya mizabibu, na mtu mwenye miguu iliyolala vizuri hujikuta anakimbia bila kujua. Kisha inakuja kona ya Saint-Estève. Ukishaikunja tu, barabara inasimama mbele yako kama ukuta, miti inazuia upepo, nzi wanakufuata usoni kwa sababu huna kasi ya kuwaacha, na kwa takriban kilomita tisa mwinuko hubaki kati ya asilimia 9 na 10 bila mahali pa kupumzika. Nadhani ndipo uliposhuka. Dawa yake ni kujizuia kabla ya kona hiyo: mpaka Saint-Estève uwe unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, na ukiona maneno yanakatika, punguza, hata kama wazee wanakupita.

Kula mapema, usisubiri njaa. Tende mbili tatu au ndizi kila baada ya nusu saa zinatosha, na chupa mbili za maji zijazwe Bédoin. Juu ya Chalet Reynard, mkahawa ulioko kando ya barabara, msitu unakwisha, na zinabaki kilomita sita za mawe meupe ambako jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini, au mistral, upepo mkali wa kaskazini, unakuyumbisha. Katika mteremko huo, tarehe 13 Julai 1967, mwendesha baiskeli Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufariki akiwa kwenye Tour de France katika joto kali, na mwilini mwake zilikutwa amfetamini, dawa zinazomfanya mtu asisikie mwili wake ukiomba kusimama. Mnara wake uko takriban kilomita moja na nusu kabla ya kilele. Kwa hiyo nakusihi, ukihisi kizunguzungu au baridi ya ghafla wakati wa jua kali, simama kivulini, na usiite jambo hilo kushindwa.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Naishi Nairobi, na Agosti nitamtembelea dada yangu Grenoble. Nataka kupanda kwa baiskeli barabara ya mlimani ya Alpe d'Huez. Kupanda sikuogopi, naogopa kushuka. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kupanda ni kilomita 13.8 zenye kona 21, na vibao vyake vinahesabu kurudi nyuma: ya kwanza kutoka chini ni namba 21, yenye jina la Mwitaliano Fausto Coppi, aliyeshinda hapo hatua ya Tour de France mwaka 1952. Sehemu kali zaidi ni ya mwanzo, kwa hiyo ushauri wa mwendo niliompa mwenzako wa Lyon unakuhusu nawe. Pumzikia kwenye kona zinazokunja kushoto, kwa kuwa ukiwa upande wa kulia unazipita kwa nje, ambako barabara inalala kidogo.

Woga wako wa kushuka una maana. Vaa koti la kuzuia upepo kabla hujaanza, kwa sababu jasho la kileleni hugeuka baridi ndani ya dakika chache na vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Shika usukani sehemu ya chini. Funga breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kisha uziachie unapoinama kukunja, macho yakitazama unakokwenda na siyo ukingoni. Usizishikilie kidogokidogo njia nzima, maana rimu hupata moto.

Zaidi ya yote, Ufaransa watu huendesha upande wa kulia. Ukiwa umechoka, mwili uliozoea barabara za Kenya hukupeleka kushoto wenyewe, hasa unapotoka kwenye kona au baada ya kusimama kupiga picha. Bandika kipande cha utepe mwekundu upande wa kulia wa usukani, na kila unapoanza tena kuendesha, kitazame kwanza.