Breka inaruka ukiwasha vitu kwenye kempa: usibadilishe breka, panga nini kiwake na nini

Mkuu, umeeleza kwamba kempa yako, yaani gari la kuishi ndani, umeipaki kwenye kiwanja cha shemeji yako Mbezi Beach, umevuta umeme kwa ekstensheni kutoka soketi ya jikoni kwake, na kila jioni breka ya nyumba, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, inaruka baada ya kama robo saa. Fundi anataka kutoa breka ya ampia 16 aweke ya 32. Nakuomba sana, usikubali. Breka ile inalinda waya uliopita ukutani kwa shemeji, na waya huo hautanenepa kwa sababu breka imebadilishwa. Siku ukizidisha, kitakachoungua ni waya wenyewe, ndani ya ukuta, watu wamelala.

Nimeishi kwenye Hiace ya namna hiyo Kigamboni karibu miaka miwili, nikichota umeme kwa mwenye kiwanja, kwa hiyo hili nimelipitia.

Umeme wetu ni volti 230, na plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13. Zidisha: wati 2,990. Hizo ndizo zako zote, na kwa vitu vinavyowaka masaa mimi sivuki 2,300, yaani ampia 10. Sasa geuza kila kifaa usome kibandiko. Vyangu vilikuwa hivi: kiyoyozi kidogo 900, friji 120, feni 60, pasi 1,200, jagi la kuchemshia maji 2,000, maikroweve 1,200. Hapo kwenye maikroweve angalia vizuri, ile 700 ya mlangoni ni nguvu inayoingia kwenye chakula. Umeme inaovuta ni mwingi zaidi. Taa na chaja za simu usihangaike nazo. Kiyoyozi, friji na jagi peke yake ni 3,020. Tia na maikroweve umefika 4,220, zaidi ya ampia 18.

Kuhusu hiyo robo saa: ziada ikiwa ndogo breka hairuki papo hapo. Ndani yake kuna kipande cha metali kinachopata joto taratibu mpaka kikajipinda, ndipo inakata. Fyuzi ya plagi nayo huvumilia ziada kwa muda mrefu. Kwa hiyo usiseme "haijaruka, basi niko salama."

Mimi iliniponyoka hapo hapo. Ilikuwa Januari, joto la Dar unalijua, kiyoyozi kinawaka tangu saa nane mchana, nikawa napiga pasi nguo za wiki nzima. Hesabu haikufika hata ampia 10. Nikasikia harufu kama ndala iliyodondokea kwenye mkaa. Ekstensheni yangu ilikuwa ya mita 30, waya mwembamba, na nusu yake ilikuwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake, nimeisukumia chini ya kiti. Nilipoigusa niliiachia mara moja. Nikakimbia kuzima meini swichi. Kuchomoa plagi, pini moja ikatoka na plastiki imenata, inavutika kama bazoka. Fyuzi ndani nzima, breka haijaruka. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, mizunguko inapikana yenyewe kwa yenyewe. Na joto la waya halipandi sawasawa na mzigo: ampia zikiongezeka mara mbili, joto linakuwa mara nne.

Baada ya hapo nilinunua Kariakoo waya wa nyuzi tatu wa milimita za mraba 2.5 na nikawa naukunjua wote hata kama natumia mita 10. Usikubali wa nyuzi mbili. Bodi ya kempa ni bati, umesimama kwenye udongo wenye maji, bila ule wa kijani na njano, yaani wa ethi, hitilafu moja inaweza kuua mtu anayeshika mlango.

Kwa matumizi ya kila siku nilijiwekea sharti moja: kinachotoa joto kiwake kimoja tu kwa wakati. Lita moja ya maji kwenye jagi la wati 2,000 inachemka kwa dakika mbili na nusu hivi. Zima kiyoyozi, maana 900 na 2,000 zinavuka 2,300, chemsha, jaza chupa ya chai, umemaliza mpaka usiku. Kiyoyozi ukishakizima kipe dakika tatu kabla ya kukirudisha, kompresa isianze ikiwa imebanwa na presha. Ukiweza nunua jagi la wati 1,000. Litachukua dakika tano, uniti za LUKU ni karibu zilezile, lakini mzigo ni nusu. Kupika nilihamishia kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, nje chini ya turubai, na kusema kweli hiki ndicho kilichonipunguzia shida kuliko yote.

Jambo jingine, kama gari limetoka Japani na vifaa vyake, soma volti kabla ya kuchomeka. Kwao ni 100. Vinahitaji transfoma ya kushusha, na wati za hiyo transfoma zinakuwa kikomo kingine cha kuhesabu.

Nenda kasome maandishi kwenye ganda la ekstensheni yako, pima na urefu wake, kisha niandikie hapa pamoja na wati za kiyoyozi. Tutapanga pamoja nini kiwake jioni. Na leo usiku, tafadhali, ikunjue yote.