Swali kwa fundi: Houston hadi El Paso, watu sita ndani ya Sienna, joto la Julai

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Houston na familia yangu. Mwezi wa saba tunataka kwenda El Paso kumwona shemeji aliye jeshini, kambi ya Fort Bliss. Tutakuwa sita: mimi, mke wangu, mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Morogoro, na watoto watatu. Gari ni Toyota Sienna ya 2013, imetembea maili 148,000. Matairi bado yana kashata nzuri (michoro ya mpira inayoshika barabara). Ramani ya simu inasema ni mwendo wa saa kumi na moja hivi, kwa hiyo nataka kumaliza kwa siku moja, na tukiwa huko tupitie hifadhi ya Big Bend. Naomba unisaidie: je, siku moja inatosha? Mafuta nijaze wapi? Nipunguze upepo kwenye matairi kwa sababu ya joto, kama madereva wanavyofanya nyumbani? Na gari lenyewe lina uwezo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na matairi, maana umeyapitia kwa sentensi moja tu, na kwenye safari hii hayo ndiyo yatakayoamua kama mnafika.

Kashata nene si ushahidi kwamba tairi ni zima. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa kivulini. Hukauka, na tabaka za ndani huanza kuachana huku kwa nje tairi likionekana jipya. Umri wake umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha fuata mstari huo hadi tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Ukikuta 2318, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukiona DOT lakini tarakimu hizo nne hazipo, ziko upande wa pili, unaotazama chini ya gari. Chukua tochi, lala chini, uzisome. Fanya hivyo kwa kila gurudumu, kwa sababu magari mengi yaliyonunuliwa mkononi mwa mtu yana matairi ya umri tofauti.

Kampuni nyingi za magari zinashauri tairi libadilishwe likifika miaka 6, hata kama kashata zipo, na miaka 10 ndiyo mwisho kabisa. Kwa safari yako mimi sibembelezi: tairi lenye zaidi ya miaka 6 libaki Houston. Na usingoje serikali ikuambie. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari ya binafsi. Kaunti ya Harris, iliyo na Houston, bado mnapimwa moshi, lakini mpima moshi haangalii tairi.

Sasa hilo la kupunguza upepo. Hapana. Nalijua lilikotoka, na kila kituo cha mabasi kina mzee wa kukuapia kwamba tairi likijazwa sawasawa litapasuka jua likichoma. Kinachotokea ni kinyume chake. Tairi lenye upepo pungufu hulala zaidi barabarani, ubavu unakunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, na mkunjo huo ndio unaotengeneza joto. Ongeza mzigo wa watu sita, ongeza lami ya Julai, ongeza mwendo wa maili 80 kwa saa, na tabaka la juu linabanduka lote kama ganda. Yale mapande meusi ya mpira unayoyaona kando ya I-10, barabara kuu utakayopita, hayatoki kwenye malori peke yake.

Kipimo sahihi hakiko kwenye tairi. Namba iliyochapwa ubavuni ni kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kubeba, si kiwango cha gari lako. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo. Hapo pameandikwa upepo wa mbele na wa nyuma. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Joto likipanda nyuzi 10 za Farenhaiti, upepo hupanda kama PSI 1 (kipimo cha upepo wa tairi), na kutembea kwenyewe kunaongeza zaidi, kwa hiyo tairi ulilolijaza 35 alfajiri linaweza kusoma 40 adhuhuri. Liache. Watengenezaji walishalipigia hesabu hilo. Ukitoa upepo mchana ili lirudi 35, kesho alfajiri utaamka na 30, na utaondoka nayo hivyohivyo.

Wala usiitegemee taa ya dashibodi. Sheria ya Marekani inaitaka iwake upepo ukiwa umepungua asilimia 25 chini ya kiwango. Kama kibandiko kinasema 35, taa inaweza kukaa kimya mpaka ufike 26 hivi. Nunua kipima upepo cha mkononi, dola chache tu.

Kibandiko hichohicho kinataja pia uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja. Tuseme kinasema pauni 1,150. Watu wazima watatu na watoto watatu mnaweza kufika 700 kabla hata sanduku moja halijaingia. Galoni kumi za maji ni pauni 83. Hapo bado kuna boksi la barafu, na mama mkwe hasafiri bila zawadi. Piga hesabu yako mezani, na ukiweza usifunge mzigo juu ya paa. Unakula mafuta na gari linayumba upepo wa pembeni ukivuma.

Tairi la akiba nalo lina DOT yake na lina umri wake. Kama Sienna yako ni ile ya kuvuta magurudumu yote manne, kiwandani haikupewa tairi la akiba kabisa. Ilitoka na matairi yanayoweza kutembea umbali mfupi bila upepo, na mwenye gari wa kwanza huenda alishayabadilisha akaweka ya kawaida. Angalia leo, si siku ya pancha. Kama ni ya kuvuta magurudumu ya mbele, utakuta lile tairi jembamba. Hilo hujazwa PSI 60, na halitakiwi kuzidi maili 50 kwa saa. Mjini linatosha. Lakini fikiria limefungwa maili 60 kutoka duka la matairi, kwenye barabara ambayo wenzako wanakimbia 80. Ndiyo maana ukipata ringi na tairi la saizi kamili kwa bei nafuu, libebe, hata kama litakula nafasi ya buti. Na jizoeze kutumia jeki nyumbani.

Kuhusu siku moja: inawezekana, na madereva wa malori tunaowahudumia gereji wangekucheka kwa kuuliza. Wao wako peke yao na wana kitanda nyuma ya kiti. Wewe una maili 750 hivi, karibu kilomita 1,200, kama Dar hadi Mwanza, na ndani kuna watoto. Muda wa ramani hauna choo, hauna chakula, hauna foleni ya San Antonio. Ongeza hayo, utakuta unaingia El Paso usiku huku macho yamechoka. Igawe. Lala mji wa Fort Stockton.

Barabara yenyewe itakusaidia kupanga kama utajua kusoma namba zake. Maili za I-10 ndani ya Texas zinahesabiwa kutoka mpaka wa New Mexico, na njia za kutokea zinabeba namba hizohizo. Katikati ya Houston uko karibu na 768. Mpaka wa Louisiana ni kama 880. Ukienda magharibi namba zinashuka mji kwa mji: Junction 456, Sonora 400, Ozona 365, Fort Stockton kama 260, Van Horn 140, katikati ya El Paso kama 19. Huhitaji simu kujua kilichobaki, toa tu. Na simu yenyewe itakukatikia mtandao sehemu nyingi baada ya Junction, kwa hiyo pakua ramani kabla.

Sasa tazama tena namba hizo. Kati ya Ozona na Fort Stockton ni maili 105, na katikati hakuna mji wa maana. Fort Stockton hadi Van Horn ni 120. Van Horn hadi El Paso ni 120 nyingine, ingawa ukikaribia mji vituo vinaanza kurudi. Tanki la Sienna lako linachukua galoni 20. Likiwa limejaa watu, kiyoyozi kinavuma na mwendo ni mkubwa, mimi ningehesabu maili 20 kwa galoni, si zile 25 za kwenye karatasi. Hiyo ni maili 400, kwa hiyo kwa hesabu tupu hutaishiwa. Ila ajali moja ikifunga barabara, mtakaa juani saa nzima injini ikiunguruma ili watoto wasiungue. Jaza Junction, jaza Fort Stockton, na usiipite Van Horn ukiwa chini ya nusu.

Mwendo: kibao kitakuruhusu 80. Nenda 70, upande wa kulia. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kwa 80 gari linasukuma hewa kwa nguvu ya asilimia 30 zaidi kuliko kwa 70. Unailipa nguvu hiyo kwa mafuta, kwa joto la injini na kwa matairi. Muda unaoupoteza kutoka Ozona hadi Fort Stockton ni dakika kama 11 tu.

Ondokeni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. San Antonio mtaipita mapema bila foleni ya kazini, Junction mtakula saa tano au sita mchana, na Fort Stockton mtaingia alasiri, saa tisa au kumi, kabla jua halijakupiga machoni muda mrefu, maana safari nzima unaelekea linakotua. Sababu ya pili ya kutoendesha usiku ni kulungu. Kuanzia Kerrville hadi Sonora wanavuka jioni na alfajiri, na kulungu mmoja anatosha kuvunja rejeta. Hoteli iwekeni mapema.

Big Bend mwezi wa saba ukiwa na bibi na watoto, mimi nasema hapana. Kutoka Fort Stockton hadi makao makuu ya hifadhi pale Panther Junction ni zaidi ya maili 120 kwenda tu, na bonde la mto Rio Grande kipindi hicho linapita nyuzi 100 za Farenhaiti kirahisi. Nendeni Desemba. Badala yake, asubuhi ya siku ya pili tokeni Fort Stockton mwingie Balmorhea, mchepuko mfupi kutoka njia ya kutokea namba 206. Kuna bwawa kubwa la kuogelea linalolishwa na chemchemi ya San Solomon, maji yake ni nyuzi 72 hadi 76 mwaka mzima, na lilijengwa miaka ya 1930. Tiketi za siku nunua mapema kwenye mtandao wa hifadhi za jimbo, kwa sababu likijaa wanafunga geti. Watoto watalala mpaka El Paso.

Gari lenyewe lina uwezo. Injini hizo kwa maili 148,000 bado ni vijana. Maji ya rejeta ya Toyota, yale ya waridi, hubadilishwa mara ya kwanza maili 100,000, halafu kila 50,000. Kama huna karatasi inayoonyesha yalibadilishwa, yabadilishe sasa. Mwambie fundi apige maji taratibu kwenye mapezi ya rejeta kutoa wadudu na vumbi, akague mkanda na mipira. Betri huuawa na joto kuliko baridi. Maduka ya vipuri kama AutoZone hupima bure. Mshale wa joto ukipanda njiani, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita hadi mwisho. Mtatokwa jasho, lakini hita inasaidia kuondoa joto la injini. Ukiendelea kupanda, simama, zima, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe kabisa.

Maji ya kunywa: galoni moja kwa kila mtu kwa siku, na yakae ndani mnapoyafikia, si chini ya masanduku.

La mwisho ni la kurudi. Mkitoka El Paso kuelekea mashariki, kabla ya kufika Sierra Blanca kuna kizuizi cha askari wa mpakani, na kila gari linapita hapo. Mama mkwe awe na pasipoti yenyewe pamoja na rekodi yake ya kuingia nchini, si picha ya simu. Mtu mzima mwenye kadi ya ukazi anatakiwa na sheria kutembea nayo siku zote. Na kumbuka El Paso iko nyuma ya Houston kwa saa moja. Mkienda mnaongezewa saa mkiingia kaunti ya Hudspeth, mkirudi mnanyang'anywa palepale, kwa hiyo mkiondoka El Paso saa mbili asubuhi, Houston ni saa tatu tayari. Siku ya kwanza ya kurudi isizidi Fort Stockton au Ozona, na upepo wa matairi upimwe tena alfajiri hiyo kabla hamjapakia.