GB 15 za Google si za Drive peke yake

Mkuu, umesema GB 15 za bure ni za Google Drive (hifadhi ya mafaili mtandaoni) peke yake. Hapana, Drive inazigawana na Gmail na Google Photos, na siku hizi kwa wenye Android hata bekapu ya WhatsApp inakula humohumo. Ndiyo maana una mafaili machache ya ofisi na bado unaambiwa imejaa. Ikijaa kabisa, hata barua pepe hazikufikii.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Wateja wakifungua akaunti waprinti, mara nyingi kilichojaza ni video za send-off, mikataba na ankara wala hazina uzito. Angalia sehemu ya hifadhi kwenye akaunti yako, utaona nani kala kiasi gani. Ukifuta kitu Drive, safisha na kapu la taka, maana kinakaa humo siku 30 na kinaendelea kuhesabiwa.

Mafaili ya kazi yafungulie akaunti yake, na majina uanze na mwaka, mfano 2025-03 Ankara, yatajipanga yenyewe. Ila kama akaunti ni ya mwajiri, kiwango chake ni kingine, muulize mtu wa IT.