Jibu: jenereta ya wati 1,000 kwa nyumba ya Goma

Ndugu yangu, umeuliza kama jenereta ya petroli ya wati 1,000 itatosha friji, taa sita na televisheni umeme unapokatika. Kwa maoni yangu haitoshi, na sababu ni friji: hata ikiandikwa wati 150, mota yake inapoanza kuzunguka huweza kuvuta mara kadhaa ya kiasi hicho kwa muda mfupi sana. Niliwahi kuwasha friji yangu kwa jenereta ndogo kama hiyo. Taa zilififia, injini ikanguruma kwa shida, kisha ikazimika.

Tena mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo wati 1,000 za dukani hapa ni kama 850. Tafuta yenye wati 2,000 za kudumu, yaani zile inazotoa muda wote, volti 220 na hezi 50 kama umeme wa kawaida wa hapa, na usome kibati kilichobandikwa kwenye jenereta yenyewe, kwa kuwa muuzaji hupenda kutaja kile kipimo cha juu kabisa, ambacho jenereta hufikia kwa muda mfupi tu.

Nakusihi sana, usiiwashe ndani wala barazani, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Iweke nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, chini ya paa dogo lililo wazi pande zote.