Anza na Fomu, Mwanangu

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Dodoma. Muhula huu nimepewa somo la haki ya kijamii na usawa kwa wanafunzi wa ushauri nasaha, ambao wengi wao watakwenda kufanya kazi kwenye ofisi za walezi wa wanafunzi vyuoni. Niliiga zoezi linalotumika sana Marekani: wanafunzi wanajipanga mstari mmoja uwanjani, mimi nasoma sentensi. "Kama nyumbani kwenu kulikuwa na umeme, piga hatua mbele. Kama uliwahi kulala njaa, rudi hatua nyuma." Mwishoni kijana mmoja wa kutoka Chemba alibaki peke yake kwenye mwarobaini, wenzake wako kule mbele wanachekacheka kwa aibu. Tangu siku hiyo haji darasani. Waliobaki wananiambia, "Madam, sisi tutawatendea wote sawa, inatosha." Nimekosea wapi? Na nifundisheje?
Mhadhiri mchanga, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mtafute huyo kijana, leo hii, kabla hujaendelea kusoma. Usimwite ofisini, mfuate mwenyewe. Usimuulize habari za kwao. Mwambie zoezi lile lilikuwa lako, lilikuwa baya, na umeliondoa. Kisha mpe madesa ya vipindi alivyokosa, uondoke.

Zoezi lile limewafundisha waliokuwa mbele. Yule wa kwenye mwarobaini limemfundisha nini? Njaa alikuwa anaijua. Ulichomwongezea ni kwamba sasa darasa zima linaijua njaa yake. Hata huko lilikotoka wapo walimu wanaolilaumu kwa sababu hiyohiyo. Na kama unataka kuazima kitu kwa Wamarekani, azima mwongozo wa ushauri nasaha na haki ya kijamii ambao chama chao cha washauri nasaha kiliuidhinisha mwaka 2015. Unaanza na mshauri kujitambua, unakwenda kwa mteja na jinsi anavyoiona dunia, kisha uhusiano wao wawili, na mwisho kazi ya kutetea: mshauri atoke kwenye kiti chake akabadilishe kinachomuumiza mteja huko nje. Walimu tunapenda kukaa kwenye kujitambua, kwa sababu hakugharimu kitu. Hiyo sehemu ya mwisho tunaifikia wiki ya mitihani.

Sasa nikusimulie la kwangu. Nimekaa miaka mingi katika ofisi ya mlezi wa wanafunzi, chuo sitakitaja. Tulikuwa na barua moja, imechapwa zamani, tunajaza jina tu: mwanafunzi aliyekosa majaribio mawili afike na mzazi au mlezi ndani ya siku tatu. Barua ile ile, muhuri ule ule, kwa kila mtu. Akija wa Area D, mtaa wa hapahapa mjini, baba yake anamleta na gari saa mbili asubuhi, tunazungumza, saa nne mambo yamekwisha.

Binti mmoja alikuwa wa kutoka Kwa Mtoro, kule wilaya ya Chemba, mbali na mjini. Ilikuwa Februari. Wewe unafundisha Dodoma, unajua Februari ya huku: mvua ni ya msimu mmoja, uwele na mtama bado viko shambani, ghala la mwaka jana limebaki vumbi, na palizi haimngoji mtu. Siku tatu zikapita. Ya nne binti alikuja peke yake, akakaa kwenye benchi, akaangalia chini. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye faili: "Hana ushirikiano."

Mwaka uliofuata nilikuwa natafuta karatasi nyingine nikalifungua faili lile. Ndani kulikuwa na tiketi ya basi imebanwa kwa pini. Mama yake alikuja siku ya tano, mimi nikiwa kikaoni. Alimwachia mhudumu wetu ile tiketi iwe ushahidi kwamba alifika. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Ile barua haikumchukia mtu. Haikutaja kabila, dini wala jinsia. Iliandikwa tu na mtu anayedhani wazazi wote wanakaa umbali wa daladala moja. Hao wanaokwambia "wote sawa, inatosha" wasimulie habari hii, kwa maana sisi tuliwatendea wote sawa kabisa. Wakikukimbilia na Katiba, wafungulie Ibara ya 13 waisome mpaka mwisho. Inakataza kubagua, halafu palepale inaeleza kwamba maana ya kubagua isiizuie Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Wengi husoma nusu ya kwanza.

Kwa hiyo anza na fomu, uwaache watu kwanza. Omba fomu tupu kutoka ofisi za chuo chenu: ya kuahirisha mwaka, ya kuomba chumba, ya taarifa binafsi. Wagawie, waulize swali moja tu: nani atakwama kwenye mstari gani? "Kazi ya baba." Aliyelelewa na bibi anaandika nini hapo? "Namba ya simu ya mzazi." Na kama simu ni ya jirani? Hapo hakuna anayelazimika kujitangaza, na utashangaa: aliyepitia ndiye atakayeuona mstari haraka kuliko wote. Atakuwa mjuzi wa darasa bila mtu kujua ameujulia wapi.

Kisha watoe nje. Wakahesabu ngazi za kufika kwa mlezi wa wanafunzi, na waseme anayetumia kiti cha magurudumu anafikaje. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, kwa hiyo wasikubali kuambiwa jambo hili ni geni.

Wape na habari ya bumu, hela ya mkopo wa kujikimu. Mwanafunzi amesaini fedha za chakula na malazi, wiki mbili baadaye hana kitu. Darasa lako litasema kwa sauti moja: hana nidhamu ya fedha, apewe semina. Wengine kweli wamenunua simu, tusidanganyane. Lakini waulize kwanza kama ni Februari, na kama kuna mtu nyumbani ametumiwa hela ya debe la mahindi. Mkopo wa mtu mmoja mara nyingi unalisha nyumba nzima, na mshauri asiyelijua hilo atamfundisha bajeti mtu anayepanga bajeti kuliko yeye.

Neno moja kuhusu utani, maana vijana wetu wanaupenda. Utani wa makabila ni mtamu kwa watani waliokaa kimo kimoja. Ofisini wewe ndiye mwenye muhuri. Mgogo akija kuomba msaada wa nauli, ukamtania habari za kuomba, atacheka, ataaga vizuri, na hatarudi.

Mtihani wako uwe dokezo. Kila mmoja achague mstari mmoja wa fomu au utaratibu mmoja, aandike dokezo la ukurasa mmoja kwa Msajili: kinachokwamisha, nani anaumia, kibadilishwe kuwa nini, gharama kiasi gani. Halafu wewe ujifanye Msajili, uwajibu "hakuna bajeti," uone nani anakaa kimya na nani ana hoja ya pili. Hapo ndipo pa kutolea alama. Machozi usiyape alama.

SWALI: Shikamoo Mama. Niko field kwenye ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Alikuja kijana wa mwaka wa kwanza, bumu halijatoka, hajala tangu jana yake. Nikampa elfu tano yangu. Msimamizi wangu amenigombeza kwamba nimevunja maadili ya kazi. Nani yuko sahihi?
Wa field, Dodoma

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ana sababu: kesho watakuja saba, na huyu wa jana ataanza kukukwepa kwa kuwa anajiona ana deni lako. Lakini njaa haishauriwi, na wewe hukuachiwa kitu kingine mezani. Nenda kwa afisa mikopo, uliza ni wangapi bumu lao halijatoka. Ukiipata idadi, mwombe msimamizi wako muandike dokezo pamoja. Sisi ilituchukua madokezo manne kupata utaratibu wa karatasi yenye muhuri: mwanafunzi anakwenda nayo kwa mama ntilie wa nyuma ya hosteli, anakula, na ofisi inalipa mwisho wa mwezi. Mama ntilie alikuwa anazitunza zile karatasi ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Ile elfu tano usimdai.