Maswali na Majibu: Sumaku na Sumakuumeme Mikononi mwa Wanafunzi

Maswali ya safari hii yametoka kwa walimu na wazazi wanaofundisha usumaku kwa vitendo. Mengi yanailaumu sumaku, lakini ukiyafuatilia unakuta shida iko kwenye mkondo wa umeme: haupiti, unapita njia ya mkato, au ni mkubwa kupita kiasi. Kwa hiyo, jaribio likigoma, fuata kwanza njia ya mkondo kutoka ncha moja ya betri hadi ya pili.

Wanafunzi wamezungusha waya wa shaba kwenye msumari mara 50 na kuunganisha betri, lakini msumari hauvuti hata pini moja. Kwa nini?

Anza na vanishi. Waya wa shaba wa kusukia mota unaonekana mtupu, kumbe umefunikwa vanishi kotekote. Vanishi haipitishi umeme, nayo ndiyo inayoulazimisha mkondo uzunguke msumari mara zote 50 badala ya kuvuka moja kwa moja kutoka mzunguko mmoja hadi wa jirani yake. Kwenye miisho miwili, hata hivyo, lazima itolewe. Sugua kwa msasa sentimita 2 za kila mwisho, pande zote, mpaka shaba ing'ae. Kisha unga betri, waya na balbu ndogo ya tochi kwa mfululizo. Balbu ikiwaka, mkondo unapita.

Kama waya ni mtupu kweli, tatizo limegeuka: mkondo unakatiza kupitia msumari na mizunguko inayogusana. Mwingereza William Sturgeon, aliyeonyesha sumakuumeme yake mwaka 1825, alikipaka vanishi chuma chenyewe na kuiachia nafasi mizunguko ya waya isigusane. Mmarekani Joseph Henry akaufunika waya wenyewe kwa hariri, hivyo akaweza kuusonga karibu karibu, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumakuumeme yake moja ilibeba zaidi ya kilo 900. Wanafunzi wakisikia habari hii huku wameshika msasa, hawasahau tena vanishi inafanya kazi gani.

Jambo la mwisho: zijaribu pini zenyewe kwa sumaku ya kawaida. Nyingine ni za shaba njano, na hizo hazivutwi na sumaku yoyote.

Betri inachemka na waya unaunguza vidole. Je, ni kawaida?

Ni kawaida kwa sakiti iliyopangwa vibaya, na haifai kuachwa iendelee. Piga hesabu. Mizunguko 100 ya waya wenye kipenyo cha milimita 0.5 kwenye msumari wa milimita 5 inakula waya wa mita 1.75 hivi, wenye ukinzani (kiasi unavyouzuia mkondo) wa ohm 0.15 tu. Betri ya AA nayo ina ukinzani wake wa ndani, tuseme ohm 0.2 ikiwa mpya. Volti 1.5 ukigawa kwa 0.35 unapata zaidi ya ampia 4. Kwa betri ndogo kama hiyo, huo ni karibu sawa na kuunganisha ncha zake kwa waya mtupu.

Tumia waya mwembamba zaidi na mizunguko mingi zaidi. Waya wa milimita 0.25, mizunguko 200 kwa matabaka mawili, unachukua mita 3.5 na kuleta ukinzani wa ohm 1.2 hivi. Mkondo unashuka hadi ampia 1, koili (waya uliozungushwa) inakuwa vuguvugu tu, na betri inadumu. Ukilinganisha mkondo mara idadi ya mizunguko, mpango wa kwanza unatoa 400 na huu 200, kwa hiyo utainua klipu chache zaidi. Ni hasara ndogo ukizingatia kwamba kila mwanafunzi atarudia jaribio bila kuungua.

Weka swichi ya kubonyeza, si ya kufunga: bonyeza kwa sekunde 5, soma, achia. Betri ya gari na betri za lithiamu zisitumike kabisa, kwa sababu zinaweza kusukuma mkondo mkubwa mno kwenye koili ya aina hii, waya ukawa mwekundu au betri ikashika moto. Umeme wa ukutani usiguswe kwa jaribio lolote la hapa.

Tuliongeza mizunguko kutoka 25 hadi 50, 75 na 100 tukitarajia klipu ziongezeke kwa kiwango kile kile. Grafu imetoka imepinda. Tumekosea wapi?

Hamjakosea kuhesabu. Mmebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Kila mlipoongeza mizunguko mliongeza pia urefu wa waya, ukinzani ukapanda na mkondo ukashuka. Kwa koili ambayo ukinzani wake ni mkubwa kuliko ule wa ndani ya betri, kuongeza mizunguko ya waya ule ule karibu hakuongezi mvuto wowote: unachopata kwenye mizunguko unakipoteza kwenye mkondo. Faida inayobaki ni betri kutumika polepole.

Dawa yake ni rahisi. Kata waya wa mita 2 na uutumie wote katika kila hatua. Kwa mizunguko 25, zungusha 25 na uache waya uliobaki umelala mezani kwa kwenda na kurudi, mbali na msumari, bila kuuviringisha. Kwa mizunguko 50, zungusha zaidi, na kadhalika. Ukinzani haubadiliki, kwa hiyo mkondo pia haubadiliki, na kilichobaki kubadilika ni idadi ya mizunguko peke yake. Kama kuna ampimita, iweke ndani ya sakiti. Ukimaliza 100, rudia 25: namba ikiwa chini kuliko mwanzo, betri imechoka, na vipimo vyote vya mwisho vina dosari hiyo.

Hata baada ya hapo msitegemee mstari ulionyooka. Mvuto wa sumaku kwa kipande cha chuma kinachoigusa unakua takriban kwa mraba wa nguvu ya uga (eneo linalozunguka sumaku ambamo mvuto wake unafika), kwa hiyo ukiongeza uga mara mbili mvuto unaweza kukaribia mara nne. Baadaye chuma cha kiini, yaani msumari ulio ndani ya koili, kikianza kushiba usumaku, grafu inalala. Klipu nazo zina kasoro zake kama kipimo: zinashikana zenyewe, na iliyo mbali inaning'inia kwa kushikwa na mwenzake. Chovya ncha ya msumari kwenye bakuli la klipu za ukubwa mmoja, inua taratibu, hesabu, rudia mara tatu na uchukue wastani. Kama mizani ya springi ipo, pima nguvu inayohitajika kubandua bamba dogo la chuma kwenye ncha; hapo ndipo utapata takwimu za kuaminika.

Kuna kosa moja linalowapata wengi wanapoanza tabaka la pili. Kurudi nyuma kando ya msumari hakuna shida, lakini waya lazima uendelee kuzunguka upande ule ule. Ukianza kuzungusha kinyume, tabaka la pili linafuta kazi ya la kwanza, na koili ya mizunguko 200 inashindwa na ile ya 50.

Tukizima umeme, msumari bado unashika pini. Kitabu kinasema usumaku unaisha.

Unaisha kwenye chuma laini. Msumari wa dukani si chuma laini kabisa, na bolti ngumu ni mbaya zaidi; feleji huhifadhi sehemu ya usumaku. Kiini kizuri ni fungu la waya mweusi wa kufungia nondo, ule unaopindika kwa vidole. Kata vipande 15 vya sentimita 8, vifunge kwa selotepu, kisha zungushia koili juu yake. Vinginevyo mtu mzima aupashe msumari moto hadi uwe mwekundu, aufukie kwenye jivu upoe polepole, ndipo utumike. Kuwa na viini vyote viwili ni bora zaidi, kwa sababu tofauti yao ni somo zima: winchi ya kubebea chuma chakavu inahitaji kinachoachia, sumaku ya kudumu inahitaji kisichoachia.

Jaribio la Ørsted halitufanyii kazi. Waya una mkondo lakini sindano ya dira haisogei.

Bila shaka waya umelazwa mashariki-magharibi. Sindano hugeuka ili ikatishe waya, na kama tayari inaukatisha haina pa kwenda (au, mkondo ukielekea upande wa pili na kuwa mkubwa, itapinduka kabisa). Laza waya juu ya dira sambamba na sindano, kaskazini-kusini, umbali wa sentimita 1. Mkondo wa ampia 2 kwa umbali huo unatoa uga wa mikrotesla 40 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Uga wa dunia nzima uko kati ya mikrotesla 25 na 65, kutegemea mahali, kwa hiyo sindano itayumba vizuri sana. Usiwashe zaidi ya sekunde 3. Kisha pitisha waya chini ya dira badala ya juu, na waulize wanafunzi watabiri kabla ya kubonyeza swichi: sindano itageukia upande wa pili. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted alitangaza jambo hilo hilo kutoka Copenhagen. Meza yenye miguu ya chuma inaharibu kila kitu; hamia ya mbao.

Dira zetu tatu sasa zinaelekeza rangi nyekundu kusini.

Zimekaa karibu na sumaku kali, zikageuzwa ncha. Chukua ncha ya kusini ya sumaku, iweke juu ya katikati ya sindano, iburute kuelekea mwisho mwekundu na kuondoka moja kwa moja. Rudia mara chache. Tangu leo sumaku za neodimi (zile ndogo zenye nguvu kubwa) na dira zisikae kabati moja.

Sumaku za neodimi zinafaa watoto wa umri gani?

Zile ndogo zilizo huru, zisipewe kabisa watoto wadogo. Sumaku mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo, zikaubana hadi ukatoboka. Mtoto akimeza zaidi ya sumaku moja, au sumaku na kipande cha chuma, apelekwe hospitali papo hapo, bila kusubiri aumwe. Sumaku za feraiti, zile nyeusi, zinatosha kwa karibu majaribio yote ya shule ya msingi, mradi ziwe kubwa kiasi cha kutomezeka.

Hatuna unga wa chuma wa kuonyesha mistari ya uga.

Katakata kwa mkasi nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, vipande vya milimita 1 hadi 2. Tia sumaku ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, la sivyo hutaisafisha tena. Weka karatasi juu, nyunyiza kutoka juu kidogo, gonga karatasi kwa kidole. Nyuzi hizo zisikaribie betri: zinashika moto kwa mguso mmoja.

Mota yetu rahisi, koili juu ya pini mbili na sumaku chini, inatikisika tu na kusimama.

Koili ya mizunguko 10, waya wa milimita 0.5, upana wa sentimita 2.5, inatosha. Siri iko kwenye vanishi tena. Mkono mmoja wa koili usuguliwe pande zote. Mkono wa pili usuguliwe nusu tu, na nusu ipi ndilo swali. Simamisha koili wima, kisha sugua upande wa juu peke yake. Hivyo mkondo unapita nusu mzunguko ambayo sumaku inasukuma upande mmoja, na unakatika kabla msukumo haujageuka. Ukisugua huku koili imelala, mkondo unawaka katikati ya mabadiliko hayo, koili inasukumwa mbele na kurudishwa nyuma. Ndiyo kutikisika mnakokuona.

Ikiwa vanishi iko sawa, angalia mizani: zungusha koili kwa kidole bila umeme. Ikisimama kila mara upande ule ule uko chini, mikono haijatoka katikati, inyooshe. Halafu sogeza sumaku ibaki milimita 5 chini ya koili, na uipe koili msukumo mdogo wa kuanzia. Ikikataa upande mmoja, jaribu upande wa pili.